Hatukatai kulipa maji. Tunakataa kuilipa mara tatu

Wandugu vijana wa Goma na wa Nyiragongo, wa pembeni ya ziwa na wa kule juu,

Kila mara tunapouliza maji, jibu inayorudi ni moja: « Wanainchi hawapendi kulipa. » Inasemwa mu mikutano, inasemwa ku radio, inasemwa na wakubwa wenye robine ndani ya nyumba na siterne juu ya paa. Leo tunajibu wazi: ni uongo. Mu muji huu, mutu asiye na robine njo analipa maji bei kali kuliko wote. Tunalipa mara tatu, na ile mara ya tatu kuna wenye kulipa na uzima wao.

Hatuandiki hapa ju ya kuomba maji ya bule. Pompe inakula umeme, tiyo inazeeka, fundi ana watoto wa kulisha. Maji safi iko na garama, na sisi tunajua. Tunachouliza ni hiki: kwa nini mwenye kidogo njo analipa zaidi? Na kwa nini mwenye kupokea pesa haonyeshi kazi?

Malipo ya kwanza: robine kavu

Parsele nyingi za Goma ziko na tiyo. Lakini tiyo si maji. Kuna avenue maji inafika usiku, saa watu wamelala, kisha inakatika mbele jua kutoka. Kuna avenue inamaliza juma nzima bila tone moja. Karatasi ya kulipa, yenyewe, haikosi njia.

Shida inaanzia ku forfè. Pale ambapo hakuna kontere ya kuhesabu maji, mutoaji wa maji anakadiria tu: parsele hii inatumia hivi, basi ilipe hivi. Maji ije ao isije, hesabu ni ile ile. Mwenye kufunga robine vizuri na mwenye kuiacha imwange mu njia, wote bei moja. Forfè inaazibu mwenye kuchunga maji. Na mubaya zaidi, inamupa mutoaji raha ya kutofanya kitu: kama pesa inaingia hata robine ikiwa kavu, ataharakisha kutengeneza tiyo ju ya nini?

Pale ambapo kontere iko, tunakuta shida ingine. Bei ya maji inapangwa mara nyingi kwa ngazi: litre za kwanza bei ndogo, eti ya kusaidia masikini; ukitumia zaidi, bei inapanda. Ku karatasi inaonekana kama haki. Lakini parsele ya kwetu inafanana namna gani? Mwenye nyumba na wapangaji, familia ine ao tano, robine moja, kontere moja. Maji yao ikijumulishwa pamoja, wanapanda haraka ku ngazi ya juu, ile ya watu wenye kumwangilia majani na kuosha magari. Na villa ya watu watatu inabaki chini, ku bei ya kusaidia masikini. Hapo hata hakuna mutu aliyeiba. Ni bei tu iliyopangwa na watu wasiojua namna tunaishi.

Na mwenye hana hata ile tiyo? Aivute mwenyewe. Anunue tiyo, anunue kontere, alipe fundi, alipe vijana wa kuchimba jiwe la volkano, yote kwa siku moja, franka mukononi. Mama anayeuza nyanya ku Birere anaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi, hata miaka mbili, na hatakosa. Lakini mulango wa kulipa kidogo kidogo haufunguliwi kwake. Basi anabaki inje ya tiyo, na kubaki inje ya tiyo njo bei kali kuliko zote.

Malipo ya pili: bidoni

Tufanye hesabu, ju hesabu haina chama.

Fakitire inahesabu maji kwa metre kibe, ni kusema litre 1,000. Bidoni yetu ya manjano ni litre 20. Basi metre kibe moja ni bidoni 50. Kila mutu achukue bei ya bidoni ya avenue yake na aizidishe mara 50. Ukinunua bidoni 100 franka, unalipa metre kibe 5,000 franka. Ukinunua 200, ni 10,000. Siku maji imekauka na kijana wa chukudu amepandisha hadi 500, ni 25,000. Kisha uombe rafiki mwenye robine inayotoka akuonyeshe fakitire yake, na uangalie bei ya metre kibe ku ile karatasi. Angalia vizuri. Hapo utajua nani anapenda kulipa mu muji huu.

Tuendelee. Familia ya watu saba. Tuseme kila mutu anapata litre 20 tu kwa siku: kunywa, kupika, kunawa, kufua, choo. Ni bidoni saba kwa siku, bidoni 210 kwa mwezi. Kwa 100 franka bidoni moja, ni 21,000 franka kila mwezi. Kwa 200, ni 42,000. Na litre 20 si maisha ya raha. Umoja wa Mataifa, uliotambua maji kuwa haki ya kila mutu tarehe 28/07/2010, unasema mutu anahitaji litre 50 hadi 100 kwa siku. Unasema pia kama garama ya maji haipaswi kupita 3 kwa 100 ya mapato ya nyumba. Ili ile 21,000 iwe 3 kwa 100, familia ile inapaswa kuingiza 700,000 franka kwa mwezi. Mu avenue yako ni nyumba ngapi zinaingiza 700,000? Hesabu na vidole, utabakisha vidole.

Na hatujahesabu bado miguu. Umoja wa Mataifa unasema maji isipite metre 1,000 toka nyumbani, na kwenda kuvoma isipite dakika 30. Mutoto wa Ndosho ao wa Majengo asicheke! Bidoni iliyojaa ni kilo 20 ku kichwa ao ku mugongo, njia ya mawe, mulima. Kuna watoto wanaofika ku masomo wamechoka mbele mwalimu kufungua mulango. Kuna wasichana wanaoshuka ku ziwa saa kumi na moja ya asubui, ingali giza, na kila muzazi anajua woga iko ndani ya hiyo safari. Hii bei hakuna fakitire inaiandika.

Tuseme wazi: hatuna vita na kijana wa chukudu, wala na mama anayechunga robine ya watu wote. Wanatafuta mukate kama sisi. Bei ya bidoni haipandi ju wao ni wabaya. Inapanda ju maji ya tiyo haifike. Robine ikitoka kila siku, ile bei inaanguka yenyewe, bila polisi na bila kelele.

Malipo ya tatu: choo na kolera

Juu ya maji safi watu wanapiga kelele. Juu ya maji chafu, kimya. Lakini ni maji ile ile inayozunguka.

Goma haina tiyo za kupeleka maji chafu. Muji wa watu zaidi ya milioni moja, na kila parsele inajipanga na shimo yake. Na shimo yenyewe tunaichimba mu jiwe la volkano. Ni kazi ngumu, kwa hiyo mashimo mengi hayaendi chini sana, yanajaa haraka. Jiwe lile liko na nyufa: ndiyo sababu mu Goma hakuna muto hata mumoja, mvua yote inapenya chini. Na kama mvua inapenya, kile kinachotoka ku choo kinapenya pia. Ziwa liko chini yetu. Njo mule tunavoma.

Shimo ikijaa, kuiondoa ni pesa ya parsele. Wapangaji wanasema ni ya mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema ni ya wapangaji, mvua kubwa ikinyesha yote inatoka mu njia na watoto wanaikanyaga. Na wale wenye pesa wanaofaulu kuita gari ya kuvuta uchafu, ile gari inaenda kuumwanga wapi? Ni ulizo, na tunataka jibu ya maandiko.

Kisha kolera inarudi. Mu Goma haturuhusiwe kusahau: mu mwezi wa saba 1994, kolera iliua makumi ya maelfu ya wakimbizi mu juma chache tu, hapa hapa, ju ya maji. Toka siku zile haijatoka mu Kivu. Kila mara maji ya tiyo inapokatika, watu wanashuka ku ziwa, na vijana wenye sindano ya klore wanasimama pale kutia dawa mu bidoni moja kwa moja. Tunawashukuru, wameokoa wengi. Lakini muji hauwezi kuishi miaka makumi na sindano ya klore. Ile ni kazi ya siku ya hatari, si mupango wa maji.

Na mugonjwa akifika ku hospitali: moto ya kumupeleka, siku bila kazi, mulinzi wa mugonjwa, chakula. Haya yote nani analipa? Ni yule yule aliyelipa forfè na aliyelipa bidoni. Mara ya tatu.

« Lakini kuna vita, lakini kuna volkano »

Tunajua. Hatukutoka mu mwezi. Tarehe 22/05/2021 Nyiragongo ilitapika, moto ukaharibu tanki kubwa na tiyo, watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji ya kunywa. Mu mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, umeme ulikatika, na bila umeme pompe haipandishi maji. Watu walivoma mu ziwa wakisikia risasi. Hakuna mutu anaweza kutuambia hadisi ya ile siku, tulikuwa hapa.

Lakini volkano haikupanga forfè. Risasi haikukataza kubandika bei ku ukuta wa robine. Vita haikusema kama familia tano ziwe na kontere moja. Ile ni maamuzi ya watu mu ofisi, na maamuzi ya watu yanaweza kugeuzwa na watu. Na mukubwa yeyote anayeketi ku kiti ya muji huu, ajue neno moja: ukikusanya kodi, umerizi na deni ya maji. Hauwezi kuchukua franka ya soko na kuacha bidoni ya soko.

Wengine wanasema: inchi haina uwezo. Mwaka 2011, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa liliandika kama Kongo iko na zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika, na kwamba watu 26 tu kwa 100 mu inchi yetu njo walikuwa wanapata maji safi ya kunywa. Basi kinachokosa si maji. Na wenye kusema « wanainchi hawalipi » waanze kwa kuangalia Serikali yenyewe. Inajulikana miaka na miaka kama mudeni mukubwa wa maji mu inchi hii ni Serikali: maofisi, makambi, majengo ya uma. Robine ya mama mujane inakatwa kwa deni ya mwezi mbili. Ile ya ofisi kubwa, nani anathubutu?

Sheria iko

Wasitudanganye kama tunaomba zawadi. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa inalindwa, pamoja na nyumba ya heshima na umeme. Haikusema « kama pesa itabaki ». Tarehe 31/12/2015 inchi ikapata sheria ya maji, namba 15/026. Kwa miaka mingi Regideso njo ilikuwa peke yake mu kazi ya maji mu miji. Ile sheria ilifungua mulango kwa watoaji wengine, na ikaweka sehemu ya mzigo juu ya jimbo na muji, karibu na sisi. Iliandika pia mambo mawili ambayo kila kijana anapaswa kushika mu kichwa: mwenye kutumia maji analipa, na mwenye kuchafua maji analipa.

Ile ya kwanza tunaambiwa kila siku. Ile ya pili, umeisikia lini? Mwenye hoteli na mwenye jumba pembeni ya ziwa, maji yake chafu inaenda wapi, na analipa ngapi? Sheria haiwezi kuwa na mukono mumoja, ule wa kuingia mu mufuko wa mudogo.

Na kufungua mulango kwa watoaji wengine hakutoshi. Mutoaji wa binafsi anaweza kufanya vizuri, anaweza pia kuleta tiyo pale tu penye pesa na kuacha Mugunga iangalie. Awe wa Serikali ao wa binafsi, sisi tunapima na kipimo kimoja: maji imetoka ao haijatoka, na kwa bei gani?

Tunadai nini

Moja. Hakuna maji, hakuna fakitire. Siku robine ilikaa kavu zitolewe mu hesabu ya mwezi.

Mbili. Forfè iishe. Kila parsele yenye tiyo ipate kontere, na bei ya kontere igawanywe ku miezi mingi, isiwe ukuta.

Tatu. Ngazi za bei zihesabiwe kwa familia, si kwa kontere. Parsele ya familia tano ipate mara tano ile sehemu ya bei ndogo.

Ine. Bei ya bidoni ku kila robine ya watu wote ibandikwe ku ukuta, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na jina ya ofisi ya kupeleka malalamiko.

Tano. Kila miezi tatu, kila mutoaji wa maji atangaze mbele ya watu: aliingiza pesa ngapi, alitoa maji ngapi, siku ngapi kila kartie ilipata. Na Serikali itangaze deni yake yenyewe, kisha ilipe.

Sita. Muji utoe mupango wa maji chafu: mahali pa halali pa kumwanga uchafu wa mashimo, bei inayojulikana ya kuondoa, musaada kwa parsele masikini, na malipo kwa wanaochafua ziwa.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayongojea mwisho wa vita. Ya ine inahitaji rangi na burashi.

Na wewe, kijana?

Hapana kuvunja tiyo. Hapana kuchoma ofisi. Hapana kugombana na mama wa robine. Ukivunja tiyo, kesho ni mama yako njo atapanda mulima. Sisi tuko watu wa amani, na amani yetu haina usingizi.

Kazi ni hii. Mu kila avenue tunafungua daftari ya maji. Kijana mumoja, ao wawili, anaandika kila siku vitu ine: tarehe, saa maji iliingia, saa ilikatika, bei ya bidoni. Basi. Usiongeze chumvi, usipunguze. Siku robine ilitoka vizuri, andika kama ilitoka vizuri. Wapangaji wa parsele moja waweke fakitire zao pamoja, wapige picha, wafiche majina mbele ya kutuma. Kisha siku 30, tunaweka madaftari yote juu ya meza moja na tunaipeleka kwa muguu, kwa mustari, bila jiwe mukononi, mbele ya wanaohusika.

Mukubwa anaweza kukana kelele. Anaweza kusema vijana wametumwa, vijana wamelipwa. Lakini daftari ya avenue makumi mingi, siku 30, saa kwa saa, ataikana na nini? Wametuzoeza kuonyesha risiti kila mara tunalipa. Sasa ni zamu yetu kuomba risiti.

Shirikisha andiko hii ku grupu ya avenue yako. Yule asiye na mega, umusomee. Na kesho asubui, mbele ya kubeba bidoni, andika saa na bei.

Hakuna maji, hakuna fakitire!